Jina Moja, Nyimbo Mbili: Istilahi za Uimbaji wa Kihindi katika Nchi za Karibi

1. Utangulizi

Wengi hudhani kwamba kazi ya mtunga istilahi ni kutafuta maneno. Kwa hakika sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutafuta maana. Neno huweza kupatikana kwa kutohoa, kwa kutafsiri, kwa kuunganisha maneno mawili, au kwa kuazima kutoka katika lugha zetu nyingine. Lakini ikiwa dhana yenyewe haikueleweka, hata neno zuri namna gani halitafaa kitu. Makala haya yanakusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja, nao umetokana na kosa la mwandishi mwenyewe.

Katika kuandaa orodha ya istilahi za muziki, nilikabidhiwa kadi za maneno yahusuyo muziki wa Kihindi. Mojawapo ilikuwa ya neno tumri. Nikalifafanua kwa mujibu wa vitabu vya muziki wa Bara Hindi: kwamba ni wimbo mwepesi wa mapenzi, ambao mwimbaji huurudia mstari mmoja mara nyingi, na kila mara akaupamba kwa sauti mpya ili kuzifunua hisia zilizomo. Kadi ikapita katika mikono kadhaa bila kupingwa. Baadaye mwenzetu mmoja akawa anafasiri maelezo yaliyoandikwa nyuma ya sahani ya zamani ya santuri kutoka Trinidad. Akaitumia kadi yangu, kisha akaisikiliza sahani. Wimbo ulioitwa tumri haukufanana na ufafanuzi wangu: mahadhi yake yalikuwa thabiti, beti zilifuatana kwa mpango, na mwishoni mapigo yakaharakishwa kwa kishindo cha ngoma. Alinirudishia kadi ikiwa na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba waimbaji wa Trinidad walikosea jina. Ilinichukua muda kutambua kwamba aliyekosea ni mimi.

2. Safari ya watu na nyimbo zao

Baada ya utumwa kukomeshwa katika makoloni ya Uingereza, wenye mashamba ya miwa walitafuta wafanyakazi wa bei rahisi kutoka Bara Hindi. Wafanyakazi hao walifungwa kwa mkataba, kwa kawaida wa miaka 5. Msomaji wa Tanzania atawaelewa upesi tukiwalinganisha na manamba wa mashamba ya mkonge, ijapokuwa hao wa Karibi walivuka bahari mbili na wengi wao hawakurudi kwao. Meli za kwanza zilifika Guyana tarehe 5 Mei, 1838. Trinidad ilipokea meli ya kwanza tarehe 30 Mei, 1845. Na Suriname, iliyokuwa koloni la Uholanzi, tarehe 5 Juni, 1873. Hadi uchukuzi huo uliposimamishwa mwaka 1917, watu wapatao 239,000 walikuwa wamepelekwa Guyana, 144,000 Trinidad, na 34,000 Suriname.

Walio wengi walitoka katika vijiji vya sehemu ambazo leo ni majimbo ya Uttar Pradesh na Bihar, wakapandia meli Calcutta. Walisema Kibhojpuri, Kiawadhi na lugha nyingine za jirani. Huko ughaibuni lugha hizo zilichanganyika zikazaa usemi mmoja wa pamoja, ambao Suriname unaitwa Kisarnami, yaani lugha ya Suriname. Waliosafiri pamoja waliitana ndugu wa meli, na undugu huo uliheshimiwa kama undugu wa damu.

Hawakuwa waimbaji wa majumba ya wafalme. Walikuwa wakulima na mafundi, na kati yao mmoja mmoja aliyepata kujifunza kitu kidogo kwa mwalimu, au aliyezoea kusikiliza katika mahekalu na katika michezo ya kuigiza ya vijijini. Kutoka kwa watu hao wachache zikaenea nyimbo pamoja na majina yake: drupadi, tumri, ghazali, tilana, bihagi. Baadaye vilifika kwa meli vitabu vidogo vya mashairi, kisha sahani za santuri, na mwaka 1935 filamu ya kwanza ya Kihindi, Bala Joban, ikaonyeshwa Trinidad.

Vile vitabu vidogo vinastahili kutazamwa kwa makini. Vitabu vya aina hiyo vilikuwa na desturi ya kuandika maneno ya wimbo, na juu yake jina la aina ya wimbo au la raga. Mahadhi yenyewe hayakuandikwa. Mwimbaji aliye Bara Hindi angemwendea mwalimu na kumwuliza mahadhi. Mwimbaji wa kijijini Guyana alikuwa na kitabu, jina, na masikio yake. Alichokosa alikitunga. Hivyo jina lilivuka bahari likiwa zima, lakini kitu kilichotajwa na jina hilo kilibidi kujengwa upya.

3. Majina yaliyobaki na maana zilizogeuka

Tuanze na neno taani. Katika muziki wa Bara Hindi, taani ni mfululizo wa sauti nyingi zinazopita kwa kasi katika koo la mwimbaji. Ni pambo moja katika wimbo, kama nakshi moja katika mlango wa Unguja. Guyana na Trinidad jina la pambo limekuwa jina la jengo zima: uimbaji wa taani ni sanaa yote hii tunayoizungumzia, pamoja na aina zake zote.

Drupadi katika Bara Hindi ni uimbaji mzito na wa heshima kuu. Ulistawi katika baraza za wafalme, hasa Gwalior wakati wa Raja Man Singh Tomar, aliyetawala kuanzia mwaka 1486 hadi 1516. Huanza kwa utangulizi mrefu usio na ngoma, ambamo mwimbaji huifunua raga polepole, kisha hufuatwa na ngoma kubwa iitwayo pakawaji. Katika nchi za Karibi utangulizi ule mrefu haupo, wala pakawaji haipo. Kilichobaki ni heshima: drupadi ndiyo kwa desturi iliyofungua hafla, kabla ya aina nyingine kufuata.

Tumri ya Bara Hindi ilipata umaarufu mkubwa katika karne ya 19 katika mji wa Lucknow, kwenye baraza ya Wajid Ali Shah, ambaye Waingereza walimng'oa madarakani mwaka 1856. Ustadi wake umo katika kulipamba neno. Tumri ya Karibi, kama alivyogundua mwenzetu, ina mahadhi yanayotambulikana, na ustadi wake umo katika kuyatoa maneno kwa nguvu, katika maelewano ya mwimbaji na mpiga ngoma, na katika ule mwisho wa haraka.

Mabadiliko yaliyo wazi kupita yote ni ya neno bihagi. Bara Hindi bihagi ni jina la raga, tena raga ya usiku. Raga si wimbo, wala si mahadhi ya wimbo mmoja. Ni mpango wa sauti wenye sheria zake: sauti zipi zitumike mahadhi yanapopanda, zipi yanaposhuka, ipi ikaziwe, na pengine saa gani ya siku iimbwe. Nyimbo elfu zaweza kutungwa katika raga moja. Lakini katika nchi za Karibi bihagi si mpango tena, bali ni aina ya wimbo, inayohesabiwa pamoja na tumri na ghazali. Neno limehama kutoka tabaka moja la dhana hadi tabaka jingine.

Ala nazo zina habari yake. Mwimbaji hujipigia hamoniamu, kinanda kidogo cha mivukuto ambacho wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanakifahamu vizuri. Pembeni yake hukaa mpiga dolaki, ngoma ya nyuso mbili ilazwayo mapajani, na mpiga dantali. Dantali ni ufito wa chuma wa kiasi cha meta moja, husimamishwa wima na kugongwa kwa chuma kingine kilichopindwa mfano wa kiatu cha farasi. Jina lake latokana na maneno mawili ya Kihindi, moja la fimbo na moja la mapigo. Bara Hindi ala hiyo ni ya wanavijiji, wala haikaribishwi katika kumbi za muziki wa mabingwa. Katika nchi za Karibi hakuna uimbaji wa taani bila dantali.

Suriname sanaa hiyo huitwa baitaki gana. Baitaki ni kukaa, na pia ni mahali pa kukaa na kuzungumza. Gana ni wimbo. Mswahili hana haja ya kuhangaika hapa, kwa kuwa anayo baraza.

4. Ni nani mwenye neno?

Sanaa hii iliimbwa arusini, katika matanga, katika hafla za kuzaliwa mtoto, na katika mashindano ya waimbaji wawili waliojibizana hadi usiku wa manane. Wasikilizaji hawakuwa wa kuchezewa. Mwimbaji akitangaza kwamba anaimba tumri, wazee waliokaa mbele walijua tumri ni nini, na walimhukumu kwa kipimo hicho. Hapo ndipo istilahi huishi: pale penye watu wanaoweza kusema, "La, hiyo siyo." Waimbaji kama Isaac Yankarran na Jameer Hosein wa Trinidad walipimwa kwa kipimo hicho, nao wakapata sifa.

Baada ya nchi hizo kujitawala, uhusiano na Bara Hindi ulikuwa rahisi zaidi. Mwaka 1966 mwalimu H. S. Adesh aliwasili Trinidad akitumwa na baraza la serikali ya India linaloshughulikia uhusiano wa utamaduni, na baadaye akaanzisha chuo cha kufundisha muziki na lugha. Vijana wakajifunza raga na tala kama zinavyofundishwa huko, na baadhi yao wakaenda India wenyewe. Faida ya elimu hiyo haina ubishi. Lakini ilileta swali zito. Mzee aliyeimba tumri kwa miaka 40, akaimbia arusi za kijiji kizima, alisikia sasa kwamba alichoimba si tumri. Hakuambiwa kwamba sauti yake ni mbaya. Aliambiwa kwamba hajui jina la kitu alichokishika mkononi.

Wenye sanaa hiyo huko Trinidad wana jina wanaloliita kwa Kiingereza, ambalo kwa Kiswahili tungelitafsiri muziki wa kanuni wa hapa kwetu. Maneno mawili katika jina hilo yana uzito. Kanuni yasema kwamba sanaa ina sheria, wala si kelele za kubahatisha. Hapa kwetu yasema kwamba sheria hizo zilitungwa hapa. Mtaalamu wa Marekani Peter Manuel, aliyeandika kitabu kizima juu ya sanaa hii, kilichotolewa mwaka 2000, ameonyesha kwamba taani si mabaki yaliyoharibika ya muziki wa Bara Hindi, bali ni sanaa yenye utaratibu wake, iliyokuzwa na watu waliopokea vipande wakavijengea nyumba.

Pamoja na hayo, hatari kubwa zaidi haikutoka kwa walimu. Trinidad na Guyana, Kihindi na Kibhojpuri vilififia majumbani, na wasikilizaji wanaofahamu maneno wakapungua. Wakati huohuo chatini, muziki wa kuchezwa uliochipuka katika nyimbo za wanawake za arusini, ukaenea pote. Sundar Popo wa Trinidad, aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki mwaka 2000, aliupa nguvu kwa kuchanganya Kihindi na Kiingereza cha kwao. Na mwaka 1987 Drupatee Ramgoonai akaunganisha jina la chatini na la soka, muziki wa kanivali. Suriname, ambako Kisarnami kimeendelea kusemwa nyumbani, baitaki gana imekuwa na uhai zaidi, na waliohamia Uholanzi wakati wa uhuru wa mwaka 1975 waliichukua pamoja nao.

Katika hali kama hiyo, kamusi ikiandika kwamba tumri ni ile ya Lucknow peke yake, huwa inashiriki katika kuisahaulisha ile nyingine. Wazee wenye kuweza kusema "hiyo siyo" wakiisha kuondoka, kitakachobaki ni kadi.

5. Funzo kutoka kwetu

Mswahili anayesitasita kukubali hoja hii na atazame neno taarabu. Asili yake ni neno la Kiarabu linalotaja hali ya nafsi: kuguswa na kusisimka kwa kusikia muziki. Kwetu taarabu si hali ya nafsi, bali ni muziki wenyewe, na mashairi yake, na hafla yake, pamoja na kutuza na mafumbo. Siti binti Saad, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, hakuwa akikosea Kiarabu. Alikuwa akitumia Kiswahili. Kama mtunga kamusi wa nchi ya mbali angeandika kwamba watu wa Pwani hutumia neno taarabu isivyo sahihi, tungemwona kuwa hana adabu, tena hana elimu.

Kanuni tunayoipata ni hii: asili ya neno ni historia yake, si hukumu yake. Maana ya istilahi huthibitishwa na jamii inayoitumia kwa utaratibu na kukubaliana juu yake. Jamii zikiwa mbili, maana ni mbili, na kila moja iandikwe kwa jina la mahali pake.

6. Tatizo la tahajia

Maneno haya huandikwa kwa herufi za Kirumi kwa namna ambayo humpotosha msomaji wa Kiswahili. Herufi dh na th za Kihindi si sauti za dhahabu na thamani. Ni d na t zinazotamkwa pamoja na pumzi. Wenyeji wa Mombasa, wanaotofautisha kwa pumzi paa wa porini na paa la nyumba, watalielewa jambo hili mara moja. Kwa kuwa tahajia yetu sanifu haionyeshi pumzi hiyo, tunapendekeza d na t tupu: drupadi, tumri, dolaki. Katika ghazali, gh ibaki, kwa sababu neno ni la Kiarabu na sauti hiyo tunayo.

Neno taani lilitupa shida ya pekee. Likiandikwa tani, linagongana na kipimo cha uzito, na mwimbaji wa tani ataonekana kama mchukuzi wa bandarini. Irabu ndefu ya asili inatuokoa. Ni kweli kwamba taani laweza kusomwa kuwa ni katika taa, lakini haielekei mtu kuchanganya mambo hayo mawili katika sentensi moja.

Ama kuhusu dhana ya kanuni, tulipewa maoni kwamba tuseme muziki wa kale au muziki wa jadi. La kwanza halifai, kwa kuwa drupadi iliyotungwa leo ni drupadi. La pili halifai, kwa kuwa ngoma zote za vijijini ni za jadi. Kinachoutenga muziki huu ni sheria zake zilizo wazi na zinazofundishwa.

7. Mapendekezo

Istilahi zifuatazo zinatolewa kwa ajili ya kujadiliwa:

Bihagi: 1. (Bara Hindi) raga mojawapo ya usiku. 2. (Karibi) aina ya wimbo katika uimbaji wa taani.

Chatini: 1. kitoweleo cha matunda au majani chenye pilipili. 2. (Karibi) muziki wa kuchezwa uliotokana na nyimbo za arusi za Wahindi.

Dantali: ala ya ufito wa chuma unaosimamishwa na kugongwa kwa chuma kilichopindwa.

Dolaki: ngoma ya nyuso mbili ya kulazwa, yenye kupigwa kwa mikono.

Drupadi: 1. (Bara Hindi) uimbaji mzito wa kanuni wenye utangulizi mrefu usio na ngoma. 2. (Karibi) wimbo wa heshima, kwa desturi wa kufungulia hafla ya taani.

Muziki wa kanuni: muziki wenye sheria zilizo wazi na zinazofundishwa, za mahadhi na mapigo.

Nyimbo za baraza: (Suriname) uimbaji wa Kihindi wa hafla, baitaki gana.

Raga: mpango wa sauti wenye sheria, ambao nyimbo nyingi huweza kutungwa ndani yake.

Taani: 1. (Bara Hindi) mfululizo wa sauti za kasi unaopamba wimbo. 2. (Guyana, Trinidad) uimbaji wa kanuni wa Wahindi wa Karibi.

Tumri: 1. (Bara Hindi) wimbo mwepesi wa mapenzi ambao neno hupambwa kwa kurudiwarudiwa. 2. (Karibi) wimbo wa taani wenye mahadhi maalumu na mwisho wa mapigo ya haraka.

Msomaji ataona kwamba hatukuandika popote "kwa makosa", wala "maana iliyopotoka". Maana ya pili haiko chini ya ya kwanza. Imefuata tu kwa kuwa ilizaliwa baadaye.

8. Hitimisho

Kadi ya tumri sasa ina maana mbili. Ile ya zamani sikuitupa. Naiweka mezani pamoja na alama yake nyekundu, ili kila ninapotaka kuandika kwamba jamii fulani imelikosea neno, kwanza nijiulize kama nimewasikiliza.

Wasomaji, hasa waalimu wa muziki na wapenzi wa taarabu wenye kuzifahamu ala hizi kwa majina mengine ya Pwani, wanaombwa kuleta maoni yao kabla orodha haijapelekwa mbele ya kamati ya usanifishaji.